Njegere na kunde zinazopanda: tuzipe fimbo mapema



Mwaka uliopita, kikundi kimoja cha mama wa bustani, si mbali na mto Luama, kilikopa mbegu ya njegere (ile ambayo wengi wetu tunaiita petipua) katika gala la koperative. Mkopo ulikuwa wa kurudisha mbegu kwa mbegu, na nyongeza kidogo. Mbegu yenyewe ilitoka milimani, upande wa Kivu, ikafika kwa pikipiki, kwa hiyo haikuwa mbegu ya kuchezea. Mama walilima matuta sita, wakatia mbegu katika mwezi wa tatu, ikaota vizuri. Baba waliahidi kukata miti ya kushikilia. Juma la kwanza kukawa matanga. Juma la pili kila mtu alikwenda soko. Juma la tatu mvua ilinyesha siku zote, panga zikabaki nyumbani. Wakati miti ilifika, njegere zilikuwa zimekwisha kulala chini, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kama nywele zisizochanwa. Watu wakapiga miti katikati ya matuta, wakakata mizizi, wakainua mimea kwa nguvu, shina zikavunjika. Maua yaliyobaki chini yalioza. Maganda yaliyogusa udongo yaliingia madoa meusi, panya wakala mengine.

Matuta mawili tu yalipona. Yalikuwa ya mama mmoja mzee ambaye hakungoja mtu. Siku ileile ya kutia mbegu, alikata vitawi vya miti nyuma ya nyumba yake akavichomeka katikati ya mistari. Wenzake walimcheka kwamba anapanda kuni. Mwishoni, deni la kikundi kizima lililipwa kwa mavuno ya matuta yale mawili, na hakukubaki kitu cha kugawana.

Katika jambo hili, sisi nasi tuko na kosa letu. Siku ya kugawa mbegu tulifundisha juu ya mbolea, juu ya kupima mistari, juu ya kumwagilia. Juu ya fimbo tulisema neno moja tu, kwamba zitahitajiwa. Hatukusema lini, wala ngapi, wala za namna gani. Njo maana tunaandika somo hili.

Tuanze na mmea wenyewe, maana ukijua namna unavyoshika, utajua fimbo ya kuupa. Njegere haijizungushi kwenye mti. Tazama mwisho wa jani lake: utaona nyuzi nyembamba, mbili, tatu au zaidi, zimenyoka mbele kama vidole vya mtoto anayetafuta ziwa la mama gizani. Tuviite vikono. Kikono kikigusa kitu chembamba, kinaanza kujikunja, na kwa muda wa saa chache tu kimekwisha kukizunguka. Lakini kikigusa kitu kinene kama mpini wa jembe, hakiwezi. Kinateleza, mmea unaanguka. Ukitaka kujua kama fimbo inafaa, ilinganishe na kalamu ya kuandikia: ikiwa nene kupita kalamu, kikono cha njegere hakiitaki. Kinataka kitawi, uzi, kamba, nyasi ngumu. Kwa hiyo mtu anayepiga miti mizuri, minene na iliyonyooka, kiisha anaondoka, amewajengea njegere nyumba isiyo na ngazi.

Kunde zinazopanda na maharagi yanayopanda yana tabia nyingine. Hayo hayana vikono. Ni shina lenyewe linalozunguka mti, tena linazunguka upande mmoja tu: ukitazama kutoka juu, linakwenda kinyume cha mshale wa saa. Tunalisema kwa sababu tumeona watu wanaosaidia shina kwa mkono wakilizungusha upande mwingine. Linakataa, kesho unalikuta limejifungua. Kwa maharagi na kunde, mti mmoja mrefu unatosha, hata ukiwa mnene kama kidole gumba au zaidi kidogo, mradi ngozi yake isiwe laini mno. Mwanzi unaong'aa unateleza. Ukiwa na mwanzi, acha vifundo vyake na matawi yake mafupi, usiusafishe sana.

Sasa swali ambalo tunaulizwa kila mara: je, njegere inaweza kustawi hapa kwetu? Tuseme ukweli. Njegere ni mmea wa baridi. Inapenda hewa ya milimani, na joto likipita nyuzi 27 au 28 maua yake yanaanza kuanguka bila kuacha ganda. Mji wa Kasongo na vijiji vinavyotelemka kuelekea Lualaba viko chini na vina joto. Walio kwenye vilima vya Kabambare, upande wa kuelekea Fizi, wana nafasi nzuri zaidi, na wanaweza kutia mbegu hata mwezi wa tatu kama udongo hautuami maji. Walio chini, kama wanataka kujaribu, watie mbegu mwisho wa mwezi wa tano karibu na maji, ili maua yatoke mwezi wa saba wakati usiku una baridi. Hata hivyo wasingojee mavuno ya mlimani. Tuta moja la kujaribu linatosha mwaka wa kwanza. Usikope mbegu ya matuta sita kwa mmea usioujua.

Kwa mtu wa chini, shauri letu ni kunde ndefu zinazopanda, zile ambazo ganda lake linaning'inia kama kamba ya kiatu, linafika hata nusu mita. Kunde haziogopi joto. Majani yake ni mboga, maganda mabichi ni mboga, mbegu kavu ni chakula. Lakini angalieni: kunde fupi zinazosimama zenyewe, zile tunazotia shambani pamoja na muhogo au mahindi, hazihitaji fimbo. Kuzikatia miti ni kupoteza nguvu na kupoteza msitu.

Kuna wazee wanaosema njegere si chakula cha kwetu, kwa hiyo ya nini kujisumbua. Tunawaheshimu, lakini mpunga nao ulikuwa mgeni. Uliletwa huku Maniema karne ya 19 na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, wakati wa Tippo Tip aliyekuwa na makao yake Kasongo. Leo nani atasema wali si chakula cha Kasongo? Shida ya njegere si ugeni. Shida ni joto, na hilo tumekwisha kulisema.

Turudi kwenye fimbo. Wakati wa kuzisimamisha ni siku ya kutia mbegu, au siku ileile unapoona mbegu inapasua udongo. Mwisho kabisa ni wakati mmea una urefu wa kiganja, yaani sentimita 10 mpaka 15. Nyuma ya hapo kila mti unaopiga unakata mizizi, na mmea uliolala hausimami tena sawasawa. Kwa hiyo katika kikundi chenu, fanyeni hivi: mbegu isitolewe galani mbele ya fimbo kuonekana shambani. Mtu aje na fimbo zake, prezida au karani azione, kiisha apewe mbegu. Tunajua sheria hii itawaudhi wengine. Ile deni ya mwaka uliopita iliudhi zaidi.

Vipimo vya njegere ndivyo hivi. Tuta liwe na upana wa mita moja. Katikati chora mistari miwili iliyoachana sentimita 20. Tia mbegu moja moja, kina cha sentimita 3 mpaka 5, kila mbegu iachane na nyingine kwa vidole vinne hivi. Fimbo zinasimama katikati ya mistari ile miwili, ili mimea ya pande zote mbili ishike fimbo zilezile. Kati ya tuta na tuta acha njia ya kupita mtu mwenye beseni, si chini ya sentimita 60. Wenye kubana njia watajuta wakati wa kuvuna, kwa sababu njegere iliyosimama inajaza hewa yote na maganda yatavunjwa na nguo za wapita njia.

Namna ya kwanza ya fimbo ni ile ya mama mzee: vitawi. Kata matawi yenye vitawi vingi vidogo, urefu wa mita moja na nusu. Chongoa chini, yaingize udongoni sentimita 30. Simamisha tawi moja kila baada ya sentimita 20 au 25, kwa hiyo tuta la mita 10 litaomba matawi 40 mpaka 50. Yaelekeze kidogo yaingiliane juu, moja linashikilia lingine. Namna hii haina kamba, haina feza, na kwetu njo nzuri kuliko zote kwa njegere. Ubaya wake ni kwamba matawi yanadumu msimu mmoja, mara chache miwili.

Namna ya pili ni nguzo na kamba. Kwa tuta lilelile la mita 10, piga nguzo sita, moja kila mita mbili, ziingie udongoni sentimita 40 au 50 na zibaki juu mita moja na robo. Nguzo mbili za mwisho zitegemezwe kwa mti wa mshazari, kwa sababu ndizo zinazovutwa na kamba zote, zikilegea ukuta mzima unalala. Funga kamba ya kwanza sentimita 15 kutoka chini. Hiyo ya kwanza ndiyo watu wanaisahau: wanafunga kamba kwenye kiuno cha mtu, na mmea mdogo hauioni. Kiisha panda nazo juu, kila sentimita 20, mpaka kamba sita. Utatumia kama mita 70 za kamba pamoja na mafundo. Mimea ikikua, pitisha kamba nyingine kwa nje ya kila upande, ili isiegemee njiani wakati wa upepo wa mvua.

Kamba gani? Maganda ya mgomba yaliyokaushwa, raphia, kamba za porini, au nyuzi za gunia la mchele lililochakaa. Nyuzi za gunia ni ngumu sana, lakini zikikatika zinabaki udongoni miaka na miaka, kwa hiyo ziokote. Juu ya vyandarua tunaomba tusikilizane vizuri. Chandarua kizima ni cha kulalia watoto na mama wenye mimba. Tumeona vyandarua vipya vimezungushwa kwenye bustani, na mtoto wa nyumba ileile analala anaumwa na mbu. Chandarua ambacho kimepasuka kiasi cha kutokinga tena, na nyumba imekwisha kupata kingine, hicho mwenye nacho anaweza kukikata vipande na kukitandaza kwenye nguzo. Kwa vikono vya njegere kinafaa sana, hatukatai. Lakini njegere haitalipa dawa ya malaria.

Kwa kunde ndefu, mambo ni rahisi zaidi. Chukua miti minne ya urefu wa mita mbili na nusu, ipige kwenye pembe nne, kila upande kama mita moja, kiisha funga vichwa vyake pamoja kama kibanda cha kulindia ndege. Kwenye mguu wa kila mti tia mbegu tatu, baadaye acha mimea miwili yenye nguvu. Kibanda hakianguki kwa upepo, kwa sababu mti mmoja unashikwa na mitatu. Ukipenda mistari, piga miti kila sentimita 40 na uunganishe vichwa kwa mti mmoja wa kulala. Kunde zikifika juu ya mti, kata ncha. Zitaacha kutafuta mbingu na kutoa matawi ya pembeni.

Wengine wanauliza kama mahindi yanaweza kuwa fimbo. Yanaweza, kwa kunde na maharagi, si kwa njegere. Lakini mahindi yatangulie angalau majuma matatu, yawe na urefu wa goti. Ukitia siku moja, kunde zitayapanda yakiwa bado laini na kuyaangusha yote. Mabua ya zamani yaliyobaki shambani yanasaidia kidogo tu, mchwa wakiisha kuyafikia, mvua moja kubwa inayalaza.

Sasa jambo zito: miti itoke wapi? Mtu wa bustani moja haoni shida. Lakini tazameni majirani. Rwanda, tangu miaka ya 1980, walimaji wengi waliacha maharagi mafupi wakachukua yale yanayopanda, kwa sababu yanazaa zaidi kwenye shamba dogo. Hesabu inayotolewa huko ni fimbo 50 000 kwa hekta moja. Maana yake, are moja tu, yaani mita 10 kwa 10, inaomba fimbo 500. Milima ilikwisha kuwa bila miti, fimbo zikawa za kununua, na kuna walimaji walioshindwa kuendelea kwa sababu ya bei ya fimbo, si ya mbegu. Sisi huku tuko na pori bado, lakini karibu na mji kila mtu anajua kwamba anayetafuta kuni leo anakwenda mbali kuliko mwaka ule alioolewa.

Kwa hiyo pandeni fimbo zenu. Gliricidia na leucaena zinapandwa kando ya bustani, ukizikata zinachipuka tena, majani yake ni mbolea nzuri na mbuzi wanayala. Kwa leucaena msizidishe kuwapa mbuzi, wachanganyiwe na majani mengine. Kuna pia ule mti mfupi ambao wavuvi wanautwanga kuulewesha samaki: unakua haraka, unarudisha nguvu ya udongo, na shina lake linafaa kuwa fimbo. Lakini usioshe matawi yake kwenye kijito, wala usiyaache karibu na dimbwi la samaki la jirani, kesi yake haitakwisha. Matete yanapatikana kila mahali na ni mazuri kwa msimu mmoja. Miti ya muhogo wengi wanaipenda kwa sababu iko karibu, lakini muhogo mbichi ukiupiga udongoni unaota, unakunywa maji ya tuta, na mwishoni una shamba la muhogo lenye njegere chache. Ukaushe juani majuma mawili au matatu kwanza, na usitumie shina lililotoka kwenye shamba lenye ugonjwa. Mgongo wa tawi la ngazi, ukiisha kutolewa majani, ni nguzo nzuri na haugharimu kitu kwa mwenye michikichi.

Mchwa ni adui wa kila fimbo. Ncha inayoingia udongoni ichomwe motoni mpaka iwe nyeusi kabla ya kuipiga. Haitadumu milele, lakini itadumu msimu wako. Msipake mafuta mabovu ya pikipiki, kama tulivyoona mahali pengine. Mnakula kinachotoka kwenye udongo ule.

Mimea ikiisha kuanza kupanda, kazi inabaki ndogo lakini ni ya kila siku mbili. Pita asubuhi, ile mimea iliyokosea njia uielekeze kwenye fimbo kwa mkono mwepesi. Ukifunga, funga kwa kamba laini, uache nafasi ya kidole, maana shina litanenepa. Mwagilia chini, kwenye mguu wa mmea, asubuhi. Usimwage maji juu ya majani jioni, yatalala na unyevu. Katika kiangazi, ukiona kama unga mweupe juu ya majani ya njegere, huo ni ukungu. Toa majani yaliyoshikwa, peleka mbali. Hapo njo utaona faida nyingine ya fimbo: hewa inapita, majani yanakauka upesi, na unaona vidukari mapema, kabla havijajaa. Kwenye njegere iliyolala unaviona siku ambayo ni vingi kuliko maua.

Maganda ya njegere mbichi yanaanza kuwa tayari karibu na siku ya 60 mpaka 75, kulingana na mbegu na baridi ya mahali. Vuna kila siku ya pili au ya tatu. Ukiacha maganda yakomae juu ya mmea, mmea unadhani kazi yake imekwisha, unaacha kutoa maua. Tumia mikono miwili: mmoja ushike shina, wa pili uchume ganda. Watoto wanaovuta kwa mkono mmoja wanang'oa vikono vyote vilivyoshika, na tuta zima linateremka. Wafundisheni, wala msiwafukuze, kwa sababu vidole vyao vidogo vinachuma vizuri kuliko vyetu. Acheni mita moja ya tuta, ile yenye mimea mizuri kuliko yote, bila kuchuma kabisa. Hiyo ni mbegu ya kurudisha galani, ikauke juu ya fimbo mpaka ganda lilie likitikiswa.

Mwisho wa mavuno using'oe. Kata shina sawa na udongo, acha mizizi ndani. Ukichimba mmoja utaona vinundu vidogo kwenye mizizi, ukivipasua vina rangi ya waridi ndani. Hivyo vinundu vimekusanya chakula kutoka hewani, na lengalenga au vitunguu utakavyotia mahali pale vitakula. Majani na shina wape mbuzi au tia kwenye shimo la mbolea, isipokuwa yale yenye ukungu.

Nguzo zing'oeni siku ileile, mkizitikisa kwanza pande zote ili zisivunjike. Kuteni udongo, zianikeni juani siku mbili, kiisha zifungeni kumi kumi na mziweke juu ya mawe au juu ya dari ya jikoni penye moshi, zisiguse chini. Kila mtu atie alama yake. Kile kikundi cha Luama wamekwisha kuanza: fimbo zao ziko jikoni kwa yule mama mzee, na yeye njo anashika hesabu yake.